Mlonge kwenye sahani za Salmonella: dondoo moja, majibu matatu

Kisa hiki ni cha kweli kwa mpangilio wake. Jina la kampuni, mkoa, maabara na mnunuzi nimeyaondoa. Hesabu za makoloni, yaani madoa ya bakteria yaotayo kwenye sahani za maabara, nimezieleza kwa uwiano tu, kwa sababu ripoti kamili ni mali ya mteja. Nilihusika tangu mwanzo nikiwa mshauri wa sumu za vyakula, na baadhi ya makosa utakayoyasoma humu ni yangu.

Usuli

Kampuni ndogo ya akina mama, Tanzania, ilianza kwa kuchuma majani ya mlonge, kuyakausha kivulini na kuyasaga. Unga waliuza sokoni, kwenye maduka ya dawa za asili, na kila mwaka kwenye maonesho ya Sabasaba. Wachumaji walikuwa wanawake wa vijiji vya jirani, wanalipwa kwa kilo.

Akaja mnunuzi kutoka Ulaya. Unga haukumvutia sana. Alitaka dondoo: majani yachemshwe, maji yachujwe, yakaushwe mpaka ibaki poda nzito ya kahawia, yeye aitie kwenye kapsuli. Kabla ya kuweka oda alidai karatasi tatu: metali nzito, vimelea, na usalama wa vinasaba, yaani uthibitisho kwamba dondoo haliharibu DNA ya anayelimeza. Mbili za mwanzo zilipatikana ndani ya mwezi. Ya tatu ndiyo iliyotuleta hapa.

Mkurugenzi, mama wa makamo ambaye bado huingia shambani na kikapu chake, aliponisikia nikieleza kipimo chenyewe alicheka kwanza, kisha akakunja uso.

"Mwanangu, majani haya bibi yangu alitupikia kwa nazi. Watoto kumi na mmoja, na wajukuu usiulize. Leo ndiyo yanaharibu mbegu za watu?"

Swali hilo nalisikia kila mara, na si la kudharau. Historia ya chakula ni ushahidi. Ila ni ushahidi wa jambo moja, kwamba kitu hakiui wala hakimfanyi mtu augue upesi. Madhara ya vinasaba hayaji na kichefuchefu. Huku pwani tuna mfano wetu wenyewe. Mtapo, mmea wenye majani kama ya mnazi mfupi, mbegu zake zililiwa wakati wa njaa baada ya kulowekwa na kukaushwa. Wazee walijua una sumu, na waliipunguza kwa ustadi. Mwaka 1968 watafiti waliokuwa Kenya, Mugera na Nderito, walichapisha matokeo ya panya waliolishwa mtapo: walipata uvimbe wa ini, figo na mapafu. Jambo la namna hiyo jiko la njaa haliwezi kuliona, maana saratani inayokuja baada ya miaka ishirini hakuna atakayeihusisha na uji wa mwaka wa ukame.

Jibu la pili lilikuwa rahisi zaidi, na ndilo alilolikubali: dondoo si mboga. Kapsuli mbili za asubuhi si sahani ya mlonge wa nazi.

Kipimo, kwa asiyekijua

Tulianza na kipimo cha Ames, kilichoundwa na Bruce Ames na wenzake pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya mwanzo ya 1970. Wazo lake ni la kijanja. Unachukua bakteria wa Salmonella ambao jeni yao ya kutengeneza histidini, aina ya asidi amino (matofali ya protini), ina hitilafu. Bila kupewa histidini hawakui. Unawapaka kwenye agari, ute mgumu wa kuoteshea bakteria, ambayo karibu haina histidini kabisa. Wachache watapata, kwa bahati tu, badiliko linalorekebisha ile hitilafu, na kila mmoja wao ataota koloni. Sasa weka kemikali unayoishuku. Ikiwa inachokonoa DNA, mabadiliko yataongezeka, na makoloni pia. Baada ya saa 48 kwenye joto la nyuzi 37 unahesabu.

Mwongozo namba 471 wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, unataka aina tano za bakteria, kwa sababu kila aina ina hitilafu ya namna yake. TA100 na TA1535 hunasa kemikali inayobadili herufi moja ya jeni kuwa nyingine. TA98 na TA1537 hunasa ile inayoingiza au kunyofoa herufi, hivyo maneno yote yanayofuata yakasomeka ovyo. Ya tano huwa TA102 au bakteria wa E. coli. Dozi ya juu kwa kawaida ni miligramu 5 kwa sahani.

Kila sahani hufanywa mara mbili: bila ini na pamoja na ini. "Ini" hapa ni S9, maji ya ini la panya lililosagwa na kuzungushwa kwenye sentrifuji kwa kani mara 9,000 ya mvutano wa dunia. Linawekwa kwa sababu kemikali nyingi hazina ubaya mpaka ini lizishughulikie. Sumukuvu ya mahindi na karanga ndiyo mfano tunaoujua vizuri zaidi: aflatoksini B1 haigusi DNA mpaka vimeng'enya vya ini viigeuze. Anayetaka kumwonyesha mwanafunzi faida ya S9 amwekee sahani hizo mbili sambamba.

Jibu la kwanza

Sampuli ilifika ndani ya kopo la plastiki la nusu kilo, limeandikwa kwa kalamu nene MLONGE DONDOO. Hakuna namba ya bechi, tarehe, wala maelezo ya namna lilivyotengenezwa. Tulilipokea, tukalipa namba yetu, tukalitia friji. Hakuna aliyeuliza lolote, mimi nikiwa wa kwanza. Tutalirudia kopo hili.

Ndani ya juma moja majibu yakatoka. Kila aina ya bakteria ilipandisha makoloni kadiri dozi ilivyopanda, na kwenye miligramu 5 yalikuwa zaidi ya mara mbili ya sahani za ulinganisho, zisizowekewa dondoo. Yalipanda bila ini, yakapanda na ini, karibu kwa kiasi kilekile. Kwa desturi ya wapimaji, mara mbili huitwa chanya.

Kijana aliyeendesha kipimo aliandika "chanya" kwenye rasimu. Mimi nikafanya kosa kubwa kuliko yote ya kisa hiki: nikampigia simu mkurugenzi jioni ileile. Nilidhani ni uungwana asiachwe gizani. Nilimwambia ni majibu ya awali na kwamba tutarudia. Yeye alisikia neno moja tu. Kesho yake alisimamisha uchumaji wote, hata wa majani ya unga ambao hatukuupima. Wachumaji walikaa wiki mbili bila kilo hata moja. Habari ikatembea kijijini kuwa mlonge umekutwa na saratani.

Zulia

Aliyeliona tatizo hakuwa daktari. Ni fundi wetu wa siku nyingi, mama anayesimamia vyombo na otoklevu, mashine ya mvuke ya kuua vijidudu. Alikuwa anakusanya sahani zilizokwisha hesabiwa ili azichome. Akachukua moja, akainua kuelekea taa, akaniita.

"Daktari, hebu njoo uone. Hawa hawajaumia. Hawa wameshiba."

Sahani ya Ames yenye afya, ukiiangalia dhidi ya mwanga, ina ukungu mwembamba nyuma ya makoloni, kama pumzi kwenye kioo; sisi huuita zulia. Hao ni bakteria wote wengine. Agari ya juu huwekewa histidini kiduchu, takribani mikrogramu 15 kwa sahani, wagawanyike mara chache kisha wasimame. Bila hiyo migawanyiko michache kipimo hakifanyi kazi. Kwenye sahani za dozi ya juu ukungu wetu ulikuwa mzito, mweupe, kama utando juu ya uji uliopoa.

Hesabu ilikaa kwenye nusu karatasi. Majani ya mlonge yana protini nyingi. Ukiyachemsha, asidi amino huru hutoka na maji. Tuseme histidini huru ni nusu asilimia tu ya dondoo. Miligramu 5 ni mikrogramu 5,000. Nusu asilimia yake ni mikrogramu 25. Tumewamiminia bakteria wenye njaa chakula zaidi ya kile walichopewa na agari yenyewe. Wakigawanyika mara nyingi zaidi, wanaojirekebisha kwa bahati nao wanaongezeka, bila DNA kuguswa na chochote. Ndiyo maana aina zote tano zilipanda pamoja. Kemikali halisi huwa na upendeleo. Ni nadra igonge kila mlango kwa nguvu ileile.

Tatizo hili limeandikwa tangu zamani kwa wapimaji wa vyakula. Tulilijua kwa kusoma. Kulijua kwa macho ni jambo jingine, na aliyekuwa nalo machoni hakuwa kwenye kikao cha kusoma majibu.

Jibu la pili

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kuwaosha bakteria: unawachanganya na dondoo ndani ya mrija kwa muda, unawazungusha kwenye sentrifuji, unamwaga maji yenye dondoo, unawasuuza, ndipo unawapaka kwenye sahani. Wameguswa na kemikali lakini hawajabeba chakula. Ya pili, kupitisha dondoo kwenye safu ya resini XAD-2: asidi amino na sukari hupita na maji, na vitu vyenye mapete ya kaboni hung'ang'ania humo mpaka uvisukume kwa methanoli.

Tulifanya zote mbili. Ilikuwa ghali, lakini baada ya ile simu hatukutaka tena jibu linaloning'inia kwenye uzi mmoja.

Zulia lilirudi kuwa jembamba. TA1535 ikakaa kimya, TA100 ikachezacheza ndani ya kiwango chake cha kawaida. Hapo mtu angependa kufunga faili. Lakini TA98 haikushuka. Ilipanda kwa dozi, ngazi kwa ngazi, na ilipowekewa ini ikapanda zaidi. TA1537 iliifuata kwa mbali. Yale maji yaliyopita kwenye resini hayakufanya lolote zaidi ya kushibisha bakteria; kichupa cha methanoli ndicho kilichosukuma TA98.

Kwa hiyo jibu la kwanza lilikuwa la uongo na chini yake palikuwa na la kweli. Safari hii sikumpigia mtu simu.

Anayefahamu majani ya kijani angekisia mshukiwa. Mlonge una flavonoidi nyingi, jamii ya kemikali za mimea, hasa kwesetini na kamferoli. Kwesetini ni rafiki wa kila siku: iko kwenye vitunguu, chai na matunda ya ngozi nyekundu. Na tangu mwaka 1977 imejulikana kuwa chanya kwenye kipimo cha Ames, hasa TA98, na ini humwongezea nguvu. Umbo la majibu yetu lilikuwa umbo la kwesetini.

Isipokuwa jambo moja halikukaa sawa. Ndani ya jani hai, kwesetini haikai peke yake. Imefungwa na sukari, na ikiwa imefungwa hivyo huwa hafifu kabisa kwenye sahani. Aliyeifungua ni nani?

Pipa la bluu

Mashine ya HPLC, inayotenganisha kemikali na kuzipima moja moja, ilithibitisha kuwa kopo letu lilikuwa na kwesetini huru nyingi kuliko tulivyotarajia. Nikapanda basi kwenda kiwandani, jambo ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya kugusa sahani hata moja.

Kiwanda ni banda safi lenye sufuria kubwa la kuchemshia, kichujio cha kitambaa, na kikaushio cha umeme. Kati ya kichujio na kikaushio pana pipa la bluu la lita 200. Maji yaliyochujwa husubiri humo zamu yake. Nilimwuliza kijana wa zamu husubiri kwa muda gani. "Inategemea na umeme, bosi." Umeme ukikatika mchana, pipa hulala na mzigo hadi kesho. Nilipofunua kifuniko cha pipa lililolala, juu palikuwa na povu jepesi na harufu ya togwa.

Mkurugenzi hakuwa na daftari la bechi, lakini alikuwa na daftari la mafuta ya jenereta, na kwenye hilo hakosei senti. Alipekua kurudi nyuma mpaka siku kopo letu lilipopakiwa. "Siku hii umeme ulikatika saa tisa alasiri. Dizeli ilikuwa imekwisha. Tulikausha asubuhi yake."

Maji ya majani, joto la usiku, bakteria wa hewani: togwa huanza hivyohivyo. Na vimelea vinavyokula sukari havichagui. Vilikata na ile iliyofungwa kwenye kwesetini.

Tukaomba bechi mbili zilizotengenezwa makusudi kutoka kwenye gunia moja la majani. Moja ikaushwe siku hiyohiyo, nyingine ilale pipani. Ya siku hiyohiyo, baada ya bakteria kuoshwa, haikufika mara mbili kwenye TA98. Iliyolala ilifika na kupita. Halafu tukachukua ile ya siku hiyohiyo, tukaiwekea kimeng'enya cha kukata sukari, tukaipima tena: ikapanda kama dada yake.

Nikiri kwamba hapo nilifurahi mno, kwa dakika kumi hivi. Dawa imepatikana: kausheni siku hiyohiyo, tuandike hasi, tuende nyumbani. Kijana aliyeandika ile "chanya" ya kwanza ndiye aliyenirudisha chini. "Sasa mtu akimeza hiyo safi, tumboni mwake si kuna vimelea?"

Yuko sahihi kabisa, na mtapo ulishatufundisha. Saikasini, sumu ya mimea ya jamii ya mtapo, nayo imefungwa na sukari. Miaka ya 1960 ilionekana kuwa panya waliofugwa bila kimelea chochote matumboni walikula saikasini na kuitoa kama ilivyoingia, bila madhara, na panya wa kawaida wakaugua. Tumbo ndilo lililofungua kifurushi. Kwa kwesetini, sukari hukatwa sehemu kwenye utumbo mdogo na sehemu kwenye utumbo mpana. Bechi yetu safi ilikuwa hasi kwa sababu tu sahani haina utumbo.

Uamuzi na sababu zake

Tulikaa watu wanne mezani. Swali halikuwa tena kama dondoo ni chanya au hasi. Lilikuwa: je, kwesetini inaeleza chanya yote, au kuna kitu kingine kimejificha nyuma yake? Hili ndilo nalolihesabu kuwa uamuzi bora wa kisa kizima. Kwesetini peke yake tayari ina faili nene duniani. Kemikali isiyojulikana iliyojibanza kivulini mwake haina.

Tulifanya mambo mawili. Tuliweka kwesetini tupu, kiasi kilekile kilichomo ndani ya dondoo lililolala, tukalinganisha mistari ya dozi. Ilikaribiana mno. Kisha tukaondoa flavonoidi kwa safu ya poliamidi na kupima kilichobaki. TA98 ikanyamaza, na ini na bila ini. Hatukuwa na sababu ya kumtafuta mtu wa pili.

Tulibaki na kwesetini yenyewe, na hapa mjadala ulikuwa mkali. Mmoja wetu alisema iandikwe kuwa haina tatizo: inafahamika, inaliwa kila siku kwenye kachumbari, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, mwaka 1999 liliiweka kundi la 3, yaani ushahidi hautoshi kuiita kisababishi cha saratani kwa binadamu. Maelezo ya kikemia yapo pia. Kwenye sahani, kwesetini huoksidika yenyewe na kuzaa hidrojeni peroksidi na vipande vikali vinavyogusa DNA. Mwilini, ukuta wa utumbo na ini huiwahi, huibandika vikundi vya glukuroni, salfeti na methili, na inayozunguka kwenye damu ikiwa huru ni kidogo sana. S9 ya kawaida haina vifaa vya kazi hiyo ya kubandika. Inaiga nusu ya ini: ile inayowasha, si ile inayozima. Vipimo vingi vya wanyama vilivyofanywa kwa kwesetini havikuonyesha madhara ya vinasaba.

Mwingine alikumbusha utafiti wa mpango wa sumu wa Marekani, NTP, uliotolewa mwaka 1992. Panya dume waliolishwa kwesetini nyingi kwa miaka miwili walipata uvimbe kwenye figo, na ripoti ikasema kuna ushahidi kiasi. Dozi zilikuwa kubwa sana, ndiyo. Lakini mteja wetu anauza kapsuli za kumezwa kila siku, wala si kachumbari ya Jumapili.

Tuliamua tusitie neno "salama" wala "hatari". Ripoti ingesema: chanya kwenye TA98, sababu imetambuliwa, hiki ndicho kiasi chake kwa kila gramu, na hivi ndivyo kinavyobadilika kulingana na utengenezaji. Na kwa kuwa mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, tangu mwaka 2011 inapendekeza Ames iambatane na kipimo cha vijiini kwenye seli za mamalia, bechi safi na bechi iliyolala zote zipelekwe nje kwenye maabara yenye cheti.

Kilichotokea

Kipimo cha vijiini kilirudi baada ya miezi mitatu. Vijiini ni vipande vya kromosomu, au kromosomu nzima, vilivyoachwa nje seli ikigawanyika, na huhesabiwa kwa darubini. Bechi iliyolala ilikuwa chanya kwenye dozi za juu, karibu na kiwango ambacho seli zilianza kufa. Bechi safi ilikuwa ya kutilia shaka kwenye dozi moja. Kwa kwesetini hilo halikutushangaza. Kwa mnunuzi lilitosha.

Kwa utaratibu wa Ulaya, chanya ya seli hufuatwa na kipimo cha wanyama: vijiini kwenye uboho, na mara nyingi kipimo cha kometi, kinachoangalia DNA iliyokatika, kwenye ini na utumbo. Mnunuzi alikuwa tayari kulipia nusu. Mkurugenzi alitoa kalamu, akapiga hesabu ya oda nzima ya mwaka wa kwanza, akaona nusu ya gharama ya kipimo inayobaki kwake inazidi faida yote. Akasema hapana. Dondoo likawekwa kando.

Mnunuzi akachukua unga wa majani badala yake, kwa bei ya chini na kwa tani chache. Wachumaji waliendelea na kazi. Pipa la bluu limebaki banda lilelile, sasa linahifadhi maji ya kunawia.

Tulipofanikiwa na tulipokwama

Nianze na kopo. Tulipima "mlonge", na mlonge haukuwa ndani ya kopo lile. Ndani mlikuwa na kitu kilichotokana na mlonge, moto, kitambaa, umeme uliokatika na usiku mmoja wa joto. Swali moja wakati wa kupokea sampuli, "hii ilitengenezwaje, saa kwa saa?", lingetuokolea wiki kadhaa na pesa za watu. Wapimaji tumezoea kuanzia kwenye kifuniko cha kopo kwenda mbele. Vyakula vya asili vinataka uanzie hapo urudi nyuma hadi kwenye gunia.

Simu yangu. Nimejitetea mara nyingi kichwani kwamba mteja ana haki ya kujua. Ana haki ya kujua matokeo. Yale hayakuwa matokeo. Zilikuwa sahani ambazo hakuna aliyeziinua kwenye taa. Siku hizi kwenye maabara ile hesabu za makoloni haziingizwi kwenye kompyuta kabla mtu wa pili hajasaini safu inayosema "zulia". Mama wa otoklevu ndiye mwenye saini hiyo siku nyingi, na kwenye kikao cha majibu ana kiti.

Kutafuta mhusika badala ya kubishana juu ya alama ya kujumlisha au kutoa kulifanya kazi. Bila ulinganisho wa kwesetini tupu na bila ile safu ya poliamidi, tungebaki na chanya ya dondoo zima, na chanya ya dondoo zima haijibiki. Huwezi kuipunguza, kuipima kiwandani, wala kuilinganisha na chochote. EFSA yenyewe, kwenye tamko lake la 2019 kuhusu michanganyiko, inataka kwanza zichunguzwe kemikali zinazotambulika, kisha sehemu isiyotambulika ipimwe. Tulifika hapo kwa kujikwaa.

Nilipo na shaka bado ni kwenye ule uamuzi wa kutosema "salama". Mwenzangu mmoja anaamini tulijificha nyuma ya lugha, na kwamba kampuni kubwa yenye dondoo lilelile ingeajiri mtaalamu wa kuandika kurasa mia za utetezi na kapsuli zingekuwa rafuni. Huenda ni kweli. Lakini hatukuwa na kipimo hata kimoja cha mnyama kwa dondoo lile, na faili la kwesetini tupu, hata likiwa nene namna gani, halikuwa faili letu.

Wiki mbili za wachumaji hazikulipwa na mtu. Niliuliza. Mkataba wao ni wa kilo, na kilo hazikuwepo.

Kopo la kwanza bado liko kwenye friji ya chini, limebaki robo. Mtu amelibandikia karatasi: "Usiku mmoja pipani. Umeme ulikatika saa 9."